Mashuka Yaliyokuja Safi

Mama yangu mkubwa ni dobi, na mtaani kwetu wanamwita Povu. Si jina la kumkejeli. Aliyelianzisha ni fundi viatu mmoja aliyemkuta siku moja amezama kwenye beseni hadi viwiko, povu limempanda mpaka kwenye nyusi, akauliza mwenye povu hili yuko wapi. Jina likamganda. Hata mkwe wake, ambaye ni mtu wa adabu zake, anamwita mama wakiwa pamoja, lakini akimwelekeza mgeni humwambia aulizie kwa Povu.

Mimi ndiye ninayempigia pasi. Nilikuja kwake miaka minane iliyopita ndoa yangu ilipovunjika, nikiwa na sanduku moja na hasira nyingi, akanionyesha meza ya pasi akasema hasira zinafaa sana kwa makunyanzi. Siku hiyohiyo akanipa sheria ya kazi, na ni moja tu.

"Utakachokiona kwenye nguo za watu, kimwage na maji machafu. Kisitoke nje ya uzio huu."

Na vya kuona vipo. Watu hudhani dobi hufua tu. Dobi anajua nani amehamia chumba cha pili, nani ameanza tena kunywa, mtoto wa nani bado anakojoa kitandani na ana miaka kumi na miwili. Mama mkubwa hujua mimba kabla ya mume. Ataliinua shuka juani, ataguna, na mimi najua kuna nyumba imemfungukia yote mpaka jikoni. Lakini hasemi. Mwanamke mmoja aliwahi kumbembeleza kwa kilo mbili za sukari amwambie kama kwenye mashati ya mumewe kuna rangi ya mdomo isiyo yake. Mama mkubwa alimjibu kwamba rangi zote zinatoka kwa maji ya moto, akamrudishia sukari yake.

Basi kikaja kipindupindu.

Kilianzia upande wa chini wa mji, kwenye nyumba zinazochota maji mferejini. Tulikisikia redioni, tukasema masikini, tukaendelea na mambo yetu. Wiki ya pili kikavuka barabara. Wakubwa wa afya wakakaa kikao, wakatoka na amri, na amri ikaletwa mtaani na gari lenye vipaza sauti viwili, kimoja kibovu, kwa hiyo kila neno lilitufikia nusu. Tulichoambulia ni hiki: nyumba yenye mgonjwa itapigwa mstari wa rangi nyekundu mlangoni, watu wake hawatatoka kwa siku kumi, na mgonjwa atachukuliwa akalazwe kwenye mahema yaliyosimamishwa uwanja wa mpira.

Sitaki kuwasema vibaya waliotoa amri. Nadhani walitaka tujihadhari na nyumba zile, na tulijihadhari kweli, tena kupita walivyotaka. Nyumba ya kwanza kupigwa rangi mtaani kwetu ilikuwa ya fundi cherehani. Mke wake alichukuliwa, akatibiwa, akarudi siku ya tano kwa miguu yake mwenyewe, mzima wa afya. Siku kumi zikaisha. Lakini rangi ile ilikuwa ya mafuta, ya kupakia mageti. Fundi aliisugua kwa mafuta ya taa, kwa msasa, kwa kisu, na mlango ukabaki na kovu jekundu ambalo hata kipofu angelipapasa. Hakuna aliyempelekea tena kitambaa. Watu walikuwa wanavuka kwenda upande wa pili wa barabara, na wakishampita wanarudi. Mimi pia nilivuka. Nalisema kwa sababu ni kweli, na naona haya.

Mtaa mzima ukapata somo, na baada ya hapo ugonjwa ukatoweka. Si kwamba watu waliacha kuugua. Waliacha kuonekana wakiugua. Zahanati ilikuwa inagawa bure pakiti za chumvi, zile za kuchanganya na maji ukampa anayeharisha, lakini kila aliyechukua aliandikwa jina na nyumba, kwa hiyo hakuna aliyechukua. Gari la vipaza sauti likaja Jumamosi kutupongeza. Likasema mtaa wetu ni mtaa wa mfano, tukapiga makofi, na baadhi yetu tulikuwa tumeacha wagonjwa ndani.

Mimi ndiye niliyeliona kwanza jambo la mashuka, ingawa sikulielewa. Mabunda yalianza kuja mazito. Nikifungua fundo nakuta mashuka mabichi, yamekamuliwa vizuri, yananuka klorini mpaka macho yanawasha. La kwanza nilidhani limenyeshewa. La pili nikadhani mtu kachanganya, kaleta alizokwisha kuzifua akaacha chafu nyumbani. La tatu nikaita.

"Mama mkubwa, hebu njoo uone. Hizi zimeshafuliwa."

Alikuja akijifuta mikono. Akalishika shuka kwa pembe mbili, akalinusa, akalitazama pale katikati mtu anapolala, ambapo uzi ulikuwa umechakaa kwa kusuguliwa. Kisha akalikunja polepole akaliweka mbali na mengine.

"Nani anafua nguo ndipo ampelekee dobi?" akaniuliza.

"Mwehu."

"Au mtu asiyetaka dobi aone."

Nilitaka kucheka, uso wake ukanizuia. Watu wale walikuwa wamefikiri sana. Wasingeacha kuleta mashuka, maana jirani angeuliza mbona fulani haendi tena kwa Povu. Wala wasingeyaleta yalivyo. Kwa hiyo waliyafua kwanza wenyewe, chooni, kwa klorini ya kutilia maji ya kunywa, ambayo iligawiwa bila kuandikwa. Wakatuletea yakiwa safi, na kwa usafi ule wakatutangazia kila kitu. Kadiri shuka lilivyokuja safi, ndivyo nyumba ilivyokuwa na hali mbaya. Mpaka mwisho wa wiki tulikuwa na nyumba tisa.

Mama mkubwa hakumwambia mtu. Alichofanya ni kutafuta pipa na kuni, tukaanza kuchemsha kila kilichoingia uani, huku tumevaa glavu za mpira zilizotufika viwikoni. Halafu akaenda zahanati kuomba pakiti za chumvi. Alisema ni zake.

Muuguzi wa zahanati alikuwa binti mrefu, mkavu wa maneno, mgeni mtaani, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alitoa daftari, akamtazama mama mkubwa, akatoa pakiti tatu akasema kazi hii ya kuandika itangoja kalamu ipatikane. Kalamu ilikuwa sikioni mwake. Siku ya pili Povu akarudi. Siku ya tatu pia.

"Mama," muuguzi akasema, "unaharisha siku ya tatu na unazidi kunawiri?"

"Ndivyo nilivyoumbwa, mwanangu."

Muuguzi akampa boksi zima. Wale wawili walielewana hapohapo bila kuelezana. Tangu siku hiyo kila bunda lililokuja safi lilirudi kwa mwenyewe na pakiti sita zimekunjwa ndani ya shuka. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeshukuru. Ila mama mmoja, akipokea mzigo wake, alinishika mkono akaubana, akaenda zake bila neno.

Kusema kweli tulijiona wajanja. Mimi niliona tumewapiga chenga wakubwa na rangi yao. Kila hodi ilitushtua, kila aliyekohoa uzioni tulimdhania askari. Lakini hakuna aliyekufa katika nyumba zile tisa, na tukaanza kuamini kwamba kufyata ulimi, ile sheria ya uani kwetu, kunatosha hata kwa kipindupindu.

Jumanne asubuhi bunda la kumi likaletwa na shemeji.

Shemeji huyu amemwoa binti pekee wa mama mkubwa, ambaye kwangu ni mdogo wangu, na ndiye mtu pekee katika ukoo anayenishinda kwa makelele. Wanakaa mitaa mitatu kutoka kwetu. Shemeji anaoka mikate kwenye kiwanda kidogo. Anaingia alfajiri, anatoka mchana akiwa mweupe wa unga hadi kope. Katika miaka mitatu ya ndoa hakuwahi kuleta nguo. Mdogo wangu ndiye aliyezileta, kila Ijumaa, pamoja na umbea wa wiki nzima, na siku hizo alikuwa akizileta kwa mwendo wa bata kwa sababu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mama mkubwa akimwona tu na mzigo alianza kumgombeza tangu akiwa mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwenzio yuko wapi?"

"Amepumzika tu. Mgongo."

Akaweka bunda chini, akaondoka kabla hajakaribishwa hata maji. Fundo lilikuwa limefungwa mara mbili. Mama mkubwa hakulifungua. Aliweka kiganja juu yake, kikarudi kimelowa, akakinusa. Akakusanya pakiti zote zilizobaki.

Tulikwenda mbio mpaka mtaa wa pili, ndipo tukakumbuka kwamba siku hizi wanawake wawili wanaokimbia wanazua maswali, tukapunguza mwendo. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, mwili wake umeziba nafasi yote.

"Mama, naomba usiingie."

"Ni mwanangu. Nipishe."

"Mama, nisikilize." Akashusha sauti. "Kiwandani wametwambia, ambaye mlango wake utapigwa rangi asirudi kazini. Si siku kumi. Asirudi kabisa, maana nani atanunua mkate wake? Na wakimpeleka kwenye mahema akiwa katika hali ile, alale chini na tumbo lote lile? Anakunywa maji. Namhudumia mwenyewe. Anaendelea vizuri."

Ndani ikasikika sauti ya mdogo wangu, nyembamba lakini yake. "Mama, nenda tu. Ijumaa nitakuja kukuchosha."

Sauti ile ndiyo iliyotuponza. Ilikuwa na utani ndani yake, na mama mkubwa akaukumbatia ule utani. Akampa shemeji pakiti zote alizokuja nazo, akamweleza maji kiasi gani, ayachemshe vipi, ampe kijiko kwa kijiko hata akitapika. Shemeji akapokea kwa mikono miwili. Tukarudi nyumbani.

Siku ile hatukufua. Mama mkubwa alikaa juu ya ndoo aliyoigeuza, akawa anainuka, anakwenda mpaka kwenye uzio, anarudi, anakaa.

"Nikimwambia muuguzi, gari litakuja," alikuwa anasema, si kwangu hasa. "Likija, na rangi inakuja. Mkwe wangu hana kazi, mjukuu wangu anazaliwa kwenye nyumba ambayo watu wanaivukia barabara. Na akinifungia mlango? Akimchukua akampeleka kwao, nitampata wapi?" Halafu anageuka. "Lakini zile nyumba tisa wamepona. Si wamepona?"

"Wamepona, mama mkubwa."

"Kwa pakiti tu."

"Kwa pakiti tu."

"Wewe unasemaje?"

Mimi, mwenye ushauri kwa kila mtu hata nisipoulizwa, nikasema tusubiri mpaka kesho. Nilisema hivyo mimi, si mtu mwingine, na nilisema kwa sababu nilikuwa naogopa na kusubiri kulikuwa rahisi.

Jumatano shemeji alikuja tena na bunda. Safari hii alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyekesha.

"Imekatika, mama. Tangu alfajiri haharishi wala hatapiki. Amelala, ametulia kabisa."

Mama mkubwa alikuwa anasugua kola ya shati. Mikono ikasimama.

"Anakojoa?"

"Mama?"

"Nakuuliza, baba. Tangu jana jioni, amekojoa?"

 Shemeji hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa akitazama kilichokuwa kinatoka, na kilipoacha kutoka akamshukuru Mungu.

"Ukimwita anaitika?"

"Anafumbua macho." Sauti ikaanza kumkatika. "Macho yameingia ndani, mama."

"Rudi kwake. Acha mlango wazi."

Akatoka nje ya uzio na mikono ina povu, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya, nami nikimfuata. Zahanati ilikuwa na watu wanne wa kikohozi. Aliwapita wote mpaka mezani kwa muuguzi, akainama.

"Nina mgonjwa. Ni mwanangu. Mimba ya miezi saba, na hakojoi."

Muuguzi akashika simu. "Naita gari."

Mama mkubwa akaweka mkono wake juu ya simu. "Gari lile lina king'ora na lina ndoo ya rangi. Mkwe wangu akilisikia atafunga mlango. Na nina nyumba nyingine, mwanangu, unajua kuwa ninazo. Zilikuwa tisa, leo sijui. Ukimpiga rangi binti wa Povu mchana huu, mtaa mzima utajua Povu amesema. Hawataniletea hata soksi. Wewe utawapata wakiwa maiti."

"Mama, hii ni amri. Nikijulikana nafukuzwa."

"Sisemi usiende. Nasema uende kama mimi."

Mimi sikuelewa, lakini muuguzi alielewa. Alitazama mlango, akatazama saa. Akaingia chumba cha ndani akatoka bila gauni lake jeupe, na chupa sita za dripu, mipira na sindano zimefungwa ndani ya shuka kama nguo chafu. Mama mkubwa akalifungua fundo akalifunga upya, akasema hapa hakuna anayejua kufunga bunda, akamtwika kichwani.

Njia ile ni ya robo saa. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Hatukuweza kukimbia, maana hakuna dobi anayekimbia na mzigo. Ilikuwa saa nne, watu wote wako vibarazani, na kila mmoja ana salamu yake. Povu asiyeitikia salamu ingekuwa habari ya siku. Kwa hiyo aliitikia, mmoja mmoja, habari za asubuhi, nzuri, watoto, hawajambo, na mguu wako, unaendelea, huku mkono wake umenikamata kiwiko mpaka kucha zikaniingia. Nilikuwa nahesabu milango. Kichwani mwangu kila salamu ilikuwa inamkausha mdogo wangu.

Mbele ya duka la mkaa akatuzuia mama mmoja mwenye maneno mengi.

"Povu! Foronya yangu moja iko wapi? Nimeleta nne, zimerudi tatu."

"Nitakuangalizia, mama."

"Kila siku utaniangalizia. Na huyu nani?"

"Msaidizi mpya."

"Mrefu hivi? Atainamaje kwenye beseni?" Akacheka. Sisi tukacheka. Muuguzi chini ya bunda naye akacheka, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. "Haya, usisahau. Ile ya maua ya njano."

"Ya njano," mama mkubwa akarudia. "Nitaileta mwenyewe, mama, ya njano." 

Mlango ulikuwa wazi. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu kwenye chumba kilichonuka klorini, na kama nisingejua ni yeye ningesema ni bibi kizee. Muuguzi alimfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Akatafuta mshipa mkono wa kulia, hakuupata. Wa kushoto, hakuupata. Aliupata mguuni, kwa sindano ya tano. Hapakuwa na pa kutundika chupa, kwa hiyo mama mkubwa akaishika juu kwa mkono ulionyooka, na alikataa kupokewa. Chupa ya kwanza iliisha kama imemwagwa mchangani. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu. Kwenye ya nne mdogo wangu alilamba midomo akasema ana kiu, na shemeji, mwanaume mzima, akakaa sakafuni akalia kwa sauti mpaka muuguzi akamwambia anyamaze, majirani watasikia.

Ndipo muuguzi akatoa kile kipembe cha kusikilizia mtoto tumboni. Akakiweka chini ya kitovu, akaegesha sikio. Akakihamisha. Akakihamisha tena.  Alisikiliza kwa muda mrefu mno kwa mtu aliyesikia kitu. Kisha akakiweka pembeni, akamtazama mama mkubwa, akatikisa kichwa.

Alikuwa mtoto wa kike. Mdogo wangu alimzaa siku iliyofuata katika hospitali kubwa, ambako muuguzi alimpeleka kwa teksi na barua ya mkono wake, na dereva akapewa klorini ya kuoshea viti. Mlango wao haukupigwa rangi. Shemeji alijifungia ndani siku kumi kwa amri ya muuguzi, kiwandani akasema ana mgongo, na siku ya kumi na moja akarudi kuoka mikate. Alikuwa amepata kila alichokipigania pale mlangoni. Sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu.

Kwa wiki mbili zilizofuata muuguzi alitembea na sisi na bunda lake kichwani, nyumba kwa nyumba. Alihudumia wagonjwa kumi na wanane katika mtaa ambao kwenye vitabu vya wakubwa haukuwa na mgonjwa hata mmoja. Halafu akawaandikia wakubwa kila kitu, ila majina akayaacha. Wakamwita, wakamkaripia, wakamwonya kwa barua yenye muhuri. Wiki iliyofuata wakamwita tena, kwa upole, wamuulize ameweza vipi. Gari la vipaza sauti likaja bila ndoo ya rangi, kile kipaza kibovu kimetengenezwa, likasema kuanzia leo wagonjwa watafuatwa majumbani na hakuna mlango utakaoguswa. Hatukuamini siku ile wala siku ya pili. Jumatatu nikafungua bunda nikakuta shuka chafu, chafu hasa, na kijikaratasi kimebanwa kwa pini: "Tafadhali chemsha." Nilifurahi kwa uchafu ule kama nimeletewa zawadi.

Watu wakaanza kumsifu mama mkubwa. Walikuja mpaka uzioni. Fundi cherehani alimshonea gauni bila kupima, likamtosha. Yeye alipokea yote akitazama pembeni, na mgeni akiondoka alirudi kwenye beseni akasugua kitu ambacho kilikuwa kimeshatakata.

Mdogo wangu alikuwa ameletwa kwetu kupata nguvu. Alilala kwenye chumba changu. Alikula alichopewa, alioga akiambiwa, na hakuwa na makelele. Kwa mwezi mzima hakuuliza kitu. Mama mkubwa alikuwa anangoja swali. Alijua litakuja, na alikuwa amejiandaa, maana alilifanyia mazoezi kwangu tukiwa uani. "Akiniuliza kwa nini nilimleta muuguzi bila idhini ya mumewe, nitamwambia mimi ni mama yake. Akisema nimewaaibisha, nitamwambia aibu inaoshwa." Alikuwa na jibu kwa kila lawama. Hata hivyo kila akimpelekea uji asubuhi alisimama kwanza nje ya mlango akavuta pumzi.

Swali lilikuja Alhamisi moja, mchana. Mama mkubwa alikuwa ameingia kuchukua bakuli, mimi nimesimama mlangoni na nguo zilizopigwa pasi.

"Mama, muuguzi ulimwita wewe?"

"Mimi."

"Ulijuaje?"

"Mashuka. Yaliletwa yamefuliwa."

"Yale aliyoyaleta mume wangu Jumanne?"

"Hayo."

 Mdogo wangu alitazama mikono yake juu ya blanketi.

"Muuguzi alikuja Jumatano," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Jumanne alikuwa anacheza. Mpaka jioni. Alikuwa ananipiga teke hapa." Akagusa ubavu. Hakulia, wala hakupandisha sauti. "Kwa nini hukumwita Jumanne?"

Bakuli lilikuwa mkononi mwa mama mkubwa. Yale majibu yote ya uani hayakuwa na kazi. Mimi nikafungua mdomo niseme kwamba ni mimi niliyeshauri tusubiri, kwamba lawama nyingine ni yangu, lakini mama mkubwa aliinua mkono bila kugeuka, nikanyamaza.

"Niliogopa watu," akasema.

 Mdogo wangu akasogea kidogo kuelekea ukutani, akaacha nafasi ya mtu kukaa. Mama mkubwa alibaki amesimama.